Fundo la Kwetu Chini ya Sinki la Nesi

Mlioniacha wiki iliyopita nimepiga magoti jikoni kwa mwanamke mwenzangu, kichwa kimo ndani ya kabati la sinki, nilitoka salama. Nilichokiona mle ndani ndicho ambacho mpaka leo hakijanitoka.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitakupa kwa ufupi, maana hata mimi nimeanza kuchoka kujisikiliza. Mimi ni msusi. Nawafuata wateja majumbani kwao. Mume wangu ni fundi bomba, na ni fundi kweli, mtu akimwita hana mchezo. Tunakaa nyumba ya kupanga, vyumba viwili na jiko, na kwa miezi minne bomba la chini ya sinki letu limekuwa likidondosha maji ndani ya ndoo, tone kwa tone, mimi namwaga.

Utauliza, mke wa fundi bomba anakaaje na bomba linalovuja? Hapo ndipo penye kisa. Nilipompelekea mwenye nyumba malalamiko, yule ambaye wapangaji tunamwita Bwana Kesho kwa sababu hajawahi kutaja siku nyingine, alisema hawezi kutuma fundi kwenye nyumba ya fundi, watu watamcheka. Nilipomgeukia mume wangu, akasema bomba la mwenye nyumba hutengenezwa na mwenye nyumba. Halafu akaongeza maneno haya, ambayo nayaweka hapa kama alivyoyasema.

"Nyumba hii nitaitengeneza siku ya kuhama. Siku hiyo nitafunga kila kinachovuja, nimkabidhi ikiwa nzima, asipate la kunisema."

Basi wanaume wawili wakatupiana mpira, mimi nikabaki na ndoo. Mlango wa mbele ulikuwa umevimba, kuingia mpaka uusukume kwa bega. Dirisha la chumbani lilifungwa kwa waya. Yote yalingoja siku ya kuhama.

Mkumbuke pia lile la miezi sita iliyopita, ambalo lilinikosesha wasomaji wengine. Nilimkuta mdogo wangu wa kike, niliyemkaribisha mwenyewe akae kwetu, amevaa ovaroli ya mume wangu, wamechuchumaa wote wawili ukumbini, wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Sikuuliza kitu. Nilimtoa na begi lake siku hiyohiyo, mtoto wa mama yangu, tumbo moja. Tangu hapo jina lake halitajwi kwangu.

Sasa, fundo.

Marehemu mama alinifundisha kumalizia msuko kwa namna yake. Unazungusha uzi mara tatu, unaupitisha chini ya mizunguko yenyewe, ncha unaificha. Utalala nalo mwezi mzima na halitalegea, lakini anayejua ncha ilipo akiivuta mara moja, lote linaachia. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nilimfundisha mume wangu, kwa mchezo tu, tumekaa mlangoni. Naye akalihamishia kazini. Anakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, anauzungushia kwenye kiungo cha bomba kinachovuja, anamalizia kwa fundo letu. Watu wakimuuliza amelitoa wapi, anawajibu, kwa mke wangu. Nilikuwa nikilisikia hilo natembea kifua mbele wiki nzima.

Na fundo hilo ndilo nililolikuta chini ya sinki la mteja wangu mpya, muuguzi, nilipoinama kuchukua beseni la kumwoshea nywele. Nilihesabu wanaolijua duniani. Mama ametangulia. Tuliobaki ni mimi na mume wangu. Nikafunga hesabu.

Huyo Nesi, mjue, hana ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Mrefu, mcheshi, ana nywele za kumtosha yeye na jirani, na anaishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga kama yangu. Ila yake imetulia. Milango yake inafunga, madirisha yanafunguka, bomba linatoa maji pale linapotakiwa na linanyamaza pale linapotakiwa. Siku ile ya kwanza nilimfumua nywele huku nikisikiliza nyumba yake ilivyo kimya, na kijiba cha roho kikanikaa hapa. Mimi ndiye mwenye ndoa na fundi, na mwenye jiko kavu ni yeye.

Tulikubaliana nirudi Jumamosi kumsuka. Siku tatu katikati sikuwa mtu. Nilinusa mashati ya mume wangu, nikasikia jasho, kutu na gundi, yaani kazi. Nilimuuliza kama ana mteja muuguzi. Akajibu bila kuinua macho kwenye sahani kwamba wateja ni wengi na yeye huwa hawaulizi kazi zao. Mke asiye na kinyongo angeridhika. Mimi nilihesabu muda aliochukua kumeza.

Nikalala nikisikiliza ndoo, tone, tone, na kila tone nililisikia linasema kwake pakavu, kwako ndoo.

Jumamosi asubuhi nilifika kwa Nesi na mkoba wangu wa rasta na vitana, na mpango kichwani. Hapa ndipo ninapoungama, na atakayefunga gazeti afunge. Nesi alipoingia kuoga, nilikwenda jikoni, nikafungua kabati, nikaingiza mkono. Nilijua ncha hukaa kulia. Nikaipapasa kulia, haikuwepo. Nikaikuta kushoto. Nikajiambia, alikuwa na haraka ya mambo mengine. Nikavuta mara moja, fundo la marehemu mama yangu likaachia, na maji yakaanza kushuka.

Nikarudi sebuleni, nikakaa, nikajitia hamnazo. Alipotoka bafuni alinikuta nachambua rasta kwa makundi, mpole kama muumini.

Nilikuwa kwenye msuko wa saba maji yalipofika kwenye kizingiti cha jiko. Nesi aliyaona, akaenda kufunga koki kubwa ya nje, akashika simu. Masikio yangu yote mawili yakahamia kwenye simu ile. "Fundi wangu," alisema, "limerudi tena. Njoo basi, nakusubiri." Fundi wangu. Wangu. Nilivuta nywele mpaka akauliza kama namsuka au namng'oa, nikamwomba radhi, nikasema rasta imeteleza.

Nusu saa ile nilisuka vizuri kuliko siku yoyote maishani mwangu. Hasira ilikuwa imenyoosha vidole. Huku nasuka, nilikuwa napanga maneno ya kumpokelea mume wangu mlangoni. Nilipanga la kwanza, la pili, mpaka la tisa, kila moja limenolewa. Nilitaka asimame pale na mkoba wake wa spana, anione nimeshika kichwa cha mwanamke wake, akose pa kuweka uso.

Hodi ikapigwa. Nesi alikuwa na nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, akaniomba nikafungue. Nikaenda na kitana mkononi. Mlango ukafunguka kwa kidole kimoja, na hata hilo likanikera.

Alikuwa mdogo wangu.

Amevaa ovaroli, na safari hii si ya kuazima. Ilikuwa ya kwake, imekatwa mikono kwa kipimo chake, ina doa la gundi kifuani. Mkoba wa spana uko begani. Amekonda kidogo na amekomaa mikono. Maneno yangu yote tisa yalikuwa ya kumwambia mume, hakuna hata moja lililomfaa.

"Shikamoo, dada," akasema.

Sikuitikia. Nilisogea pembeni apite. Nesi akaita kutoka ndani kwamba fundi wake apite tu, jiko analijua.

Hesabu ile niliyoifunga ikafunguka yenyewe. Tulikuwa watatu. Mama alitufundisha wawili, kwenye mkeka mmoja, mimi mbele yeye nyuma, na mimi nilikuwa nimemfuta mdogo wangu hata kwenye hesabu ya mafundo. Na yeye ni wa mashoto. Ncha zake hukaa kushoto tangu akiwa na miaka sita.

Mtadhani moyo ulitulia. Hapana. Nilikuja na wivu wa mgeni, nikabaki na wivu wa ndugu, na huo wa pili ndio unaokula. Kwa sababu kufunga fundo alifundishwa na mama. Kulifunga kwenye bomba nani alimfundisha?

Jibu nilipewa na Nesi, bure, nikiwa namsuka. Alinisimulia kwamba binti huyu ana mikono ya ajabu, kwamba mara ya kwanza alikuja na fundi mmoja mtu mzima, mpole, ambaye hakugusa kitu. Alisimama pembeni ya jokofu akimwelekeza kwa mdomo tu. Na binti alipomaliza, yule fundi alipiga magoti, akakagua kiungo, akasema hata yeye asingekifunga vizuri hivyo. "Yaani alivyomsifu," Nesi akasema, "mpaka nikaona wivu. Mimi kazini hakuna aliyewahi kunisifu vile."

Nilimwambia ainamishe kichwa, nisuke kisogoni. Sikutaka anione usoni. Mume wangu huyohuyo, ambaye akirudi nyumbani nikimuuliza siku ilikwendaje hujibu ilikwenda. Anakula chakula changu miezi sita, ananyamaza, kumbe maneno anayo. Anayabeba anakwenda kuyamwaga kwa mdogo wangu, jikoni kwa watu. Nawaambia ukweli wangu, kama ningewafumania wamekumbatiana ningeumia, lakini sifa zile ziliniuma pabaya zaidi. Mimi nilimtaka aniambie hivyo mara moja tu.

Mdogo wangu akatoka jikoni na ule ukanda wa mpira mkononi. Akamwonyesha Nesi, akauvuta huku na huku. Ulikuwa mzima. "Haujakatika," akasema taratibu. "Wala haujalegea. Umefunguliwa."

Nesi akacheka. Akauliza nani afungue, wakati asubuhi nzima wako wawili tu, yeye na msusi wake.

Mdogo wangu akanitazama. Vidole vyangu vikasimama katikati ya msuko. Nilijua kinachofuata, nitafukuzwa nyumba ile, na wauguzi wanavyoongea, kufika Jumatatu hospitali nzima itajua kwamba msusi fulani akiingia kwako ananyofoa mabomba. Ilikuwa zamu yake. Mimi siku ile ya begi sikumpa hata nafasi ya kuvua ovaroli.

"Au labda nililifunga vibaya," akasema. "Nisamehe, dada Nesi. Nimeshalirudia kwa ukanda mpya."

Alinibebea kosa langu mbele ya mteja wangu. Nesi akamsamehe, na ningekuwa na akili timamu ningeshukuru. Nilichosikia mimi ni kwamba sasa na wema amenizidi.

Nilimsindikiza mlangoni, nikauvuta mlango nyuma yetu. Tukasimama kwenye ngazi.

"Ulitafuta ncha kulia, sivyo?" akaniuliza.

"Miezi sita," nikamwambia. "Miezi sita mnanizunguka."

Akaweka mkoba chini. Akasema siku ile ya ovaroli walikuwa wamefungua pampu ya mteja, yeye ameomba kujifunza, maji yakamrukia shemeji usoni, ndicho walichokuwa wanakicheka. Akasema baada ya mimi kumfukuza, shemeji alimkuta kituo cha basi amekaa juu ya begi, hana pa kwenda. Hakumpeleka popote ila kazini.

"Na kulala, ulilala wapi?" Swali lilinitoka lenyewe.

"Kwa shangazi. Ungeniuliza siku ile, dada, ningekujibu siku ile."

Akasema shemeji alitaka kunieleza tangu mwezi ule wa kwanza wa kufukuzwa kwake. Yeye ndiye aliyemwapisha anyamaze. Alitaka siku akirudi kwangu aje na kazi mkononi, asije kama mtu wa kuombewa. Na kwamba shemeji amechoka kunyamaza, juzi tu amemwambia hawezi tena kukaa kwenye nyumba ambayo ndugu wa mkewe hawezi kuingia.

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi pale. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, marahaba, nililokuwa nadaiwa tangu asubuhi. Lilifika hapa kooni. Kisha nikaona lile doa la gundi kifuani kwake, gundi ileile iliyo kwenye mashati yote ninayofua, na damu ikapanda.

"Mume ni wangu," nikasema. "Kazi katafute kwingine."

Hakulia. Aliokota mkoba wake. "Nimwambie umesema hivyo?"

"Mwambie."

Akashuka ngazi. Nikarudi ndani, Nesi akaniuliza kama tunajuana. Nikamwambia hapana. Nilimsuka saa nne nyingine bila kuongea, na alipojitazama kwenye kioo alisema hajawahi kupendeza vile.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Nikaweka mkoba begani, nikajiandaa, nikaupiga mlango wetu kwa bega kama ninavyoupiga kila siku. Ukafunguka kama pazia. Nilijikuta ukumbini nimepiga magoti, rasta zimetawanyika.

Nikausogeza mlango. Umepigwa randa upande wa chini, bawaba zimetiwa mafuta, unafunga na kufunguka bila kelele. Nikaenda chumbani. Waya umetoka dirishani, pana komeo jipya. Nikasimama nikasikiliza, nikagundua kwamba sisikii kitu. Nikakimbilia jikoni.

Ndoo ilikuwa imegeuzwa, kitako juu, kavu. Nilipiga magoti kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja nikaingiza kichwa kabatini. Ukanda mpya wa tyubu, mizunguko mitatu, fundo letu. Nikapapasa ncha. Iko kulia. Mkono wa mume wangu mwenyewe.

Nitawaambia nilichohisi, mnicheke. Nilihisi nimeshinda. Nilijua maneno yangu yamemfikia, ameshtuka, ameacha kazi za watu mchana kweupe akaja kumtengenezea mkewe nyumba. Nilisema kimoyomoyo, umeona, aliyemfundisha fundo ni nani. Nikaosha kikombe chake kile kikubwa, nikabandika maji ya chai, hata nikaimba kidogo. Jiko langu lilikuwa kimya kama la Nesi na mume alikuwa wangu.

Hodi ikapigwa, nikaenda mbio na kikombe mkononi.

Alikuwa Bwana Kesho. Mtu ambaye nimemwita miezi minne bila kumwona akija alikuwa amesimama kizingitini pangu, amevaa viatu safi, anaufungua mlango na kuufunga, anaufungua na kuufunga, ametabasamu. Akaingia bila kukaribishwa. Akatazama dirisha, akajaribu komeo. Akainama chini ya sinki, magoti yakalia. Akasema kazi safi, hana la kusema hata moja.

Hana la kusema. Pale ndipo maneno ya mume wangu yaliponirudia, yote, kama alivyoyasema.

"Mumeo amenipigia mchana," Bwana Kesho akasema huku akipangusa mikono. "Ananikabidhi nyumba mwisho wa mwezi. Nikamuuliza, mnahama wote wawili au unahama peke yako, ili nijue kama natafuta mpangaji mwingine. Akasema swali hilo nije nikuulize wewe. Eti umjibu kwa kumpigia mdogo wako; ukimpigia, mnahama wote."

Maji ya chai yalikuwa yanachemka jikoni. Nilimwambia nitamjibu kesho.

Akatikisa kichwa, akavuta kiti, akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mtu yule alitaka jibu leo.